Kabla Hatujamwaga Samaki Thwake, Tuulize Nani Anaishi Athi

Mwisho wa mwaka wa 2019 mvua ilinyesha Ukambani venye sijawahi kuona. Nilikuwa bado sekondari, shule zimefungwa, niko kwa susu upande wa Kibwezi. Mjomba wangu alikuwa na kidimbwi cha samaki karibu na kijito kinachoshuka hadi Athi. Alikichimba mwenyewe, akatandika karatasi nyeusi ya plastiki, akanunua vifaranga wa tilapia kwa msee mmoja aliyewaleta kwa mtungi nyuma ya pikipiki.

Usiku mmoja kijito kikafurika. Asubuhi tulikuta matope, karatasi imepasuka, na samaki watatu wamekwama kwa nyasi. Mjomba alisimama hapo na gambuti zake, akacheka, akasema, "Haya, nimelisha Athi." Tukacheka wote. Mimi hata nilipiga video.

Imenichukua miaka kadhaa kujua kile tulikuwa tunachekea. Sina digrii, kampasi niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo msinitafute ati mimi ni daktari wa samaki. Lakini kusoma sikuacha. Na hii stori ya samaki wa Athi ni historia yetu ambayo hakuna mwalimu aliwahi kunifundisha. Tena saa hii kuna sababu ya kuijua haraka, na sababu hiyo inaitwa Thwake.

Twende pole pole.

Samaki wetu ana jina

Athi ndio mpaka wetu. Ng'ambo hii Makueni, ng'ambo ile Kitui. Unatoka pande za Nairobi, unapita Machakos, unatugawa katikati, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, unamwaga maji kaskazini mwa Malindi. Juu ya Kitui kuna mto mwingine mkubwa, Tana. Hiyo mito miwili ina tilapia wake wa asili. Jina lake la kisayansi ni Oreochromis spilurus, na kwenye vitabu vya samaki anaitwa tilapia wa Sabaki. Yaani amepewa jina la mto wetu.

Kwetu nyumbani hatukuwa watu wa samaki sana. Neno tunalo, ikũyũ, lakini kwa sufuria ya susu nilizoea isyo na maharagwe. Labda ndio maana hatujui tuna nini majini.

Mwaka wa 1893 mwanajiolojia Mwingereza, John Walter Gregory, alipita huku akielekea Mlima Kenya, akabeba samaki kwenye chupa. Mwaka uliofuata, 1894, Albert Günther wa jumba la makumbusho la Uingereza akachapisha maelezo yao. Hapo ndipo tilapia wetu aliingia kwa sayansi, akiwa amekufa ndani ya chupa, London. Aliyebaki mtoni aliendelea na maisha. Mama akitaga, anachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo humo mpaka watoto waweze kujitegemea. Kiangazi kikija, wanajibana kwa madimbwi yaliyobaki na kungoja mvua. Kama sisi tu.

Hii sehemu inaniuma. Huyu samaki ndiye alikuwa samaki wa kufugwa wa Kenya kabla ya huyu tunayemjua leo. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha samaki Sagana mwaka wa 1948. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, watafiti wawili, van Someren na Whitehead, walikuwa wanatoa ripoti moja baada ya nyingine kuhusu venye anakua kwenye vidimbwi. Aina ya Athi ya juu walikuwa wanaiita Tilapia nigra. Baadaye akaja tilapia wa Nile, anayekua haraka zaidi na kunenepa zaidi, na huyu wetu akasahaulika.

Kuna watu wengine hawakumsahau. Miaka ya 1980, Kuwait walikuwa wanamfuga Oreochromis spilurus kwenye maji ya bahari, kwa sababu anavumilia chumvi kuliko tilapia wa Nile. Kuwait! Na wewe unayetoka Kitui unajua maji ya visima vyetu yana ladha gani. Samaki anayevumilia chumvi yuko hapo mtoni, na sisi tunanunua wa mtungi.

Naivasha ilishatuonyesha

Kama unafikiri samaki kupotea ni lazima avuliwe wote au mto ukauke, sikiza ya Naivasha.

Mwanzoni lile ziwa lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kabisa. Mwaka wa 1925 wakaletwa tilapia wa jamii hii yetu ya Athi. Mwaka wa 1929 wakaletwa samaki walaji kutoka Marekani ili wazungu wapate mchezo wa kuvua kwa ndoano. Yule mdogo wa asili alirekodiwa mara ya mwisho mwaka wa 1962. Kwa hivyo tuseme ukweli: Naivasha, samaki wetu mwenyewe alikuwa mgeni. Sisemi ni malaika. Nasema tu angalia kilichompata.

Mwaka wa 1956 wakaleta tilapia wa aina nyingine. Ndani ya ule mzigo, kwa bahati mbaya, kulikuwa na aina ya tatu ambayo hakuna mtu aliitaka: Oreochromis leucostictus, ambaye asili yake ni upande wa Ziwa Albert na Ziwa Edward. Huyo leucostictus na samaki wetu ni ndugu wa karibu. Wakaanza kuzaana. Mwaka wa 1971 watafiti, Whitehead yule wa Sagana akiwemo, walichapisha karatasi kuhusu machotara wa Naivasha. Kufikia wakati huo yule wetu alikuwa ameshatoweka ziwani.

Kutoka 1956 hadi 1971 ni miaka 15. Hakuna aliyemwaga sumu. Maji yalikuwepo, na wavuvi walikuwa bado wanatoa tilapia kwa nyavu. Ukisimama ufukweni ungesema kila kitu kiko sawa. Samaki walikuwa wamejaa, ila aliyekuwa anavuliwa sasa ni mwingine.

Wambua, Wayua na akina Kevin elfu moja

Sasa hapa ndipo sayansi inaingia, na nitaieleza venye niliielewa mimi.

Fikiria kijiji cha Wakamba. Majina yetu yanarudi kizazi baada ya kizazi, mtoto anaitwa babu yake au susu yake, na mengine yanabeba hali ya siku ulipozaliwa. Wambua ni wa mvua. Wayua ni wa njaa. Kijiji chenye majina mengi kinakumbuka misimu mingi.

Jeni ndani ya samaki ziko hivyo. Kila samaki amebeba kumbukumbu ya kile wazazi wa wazazi wake walipitia wakapona. Kuna jeni za maji ya moto, za maji yenye chumvi, za miezi ambapo hewa ndani ya maji ni kidogo. Msimu ukigeuka vibaya, wale wenye jeni inayofaa ndio wanaobaki kuzaa. Kama jeni hiyo haipo tena kijijini, hakuna wa kubaki.

Wanaosoma jenetiki ya jamii za viumbe wanahesabu hayo majina. Wanakata kipande kidogo cha pezi, wanakiweka kwa spiriti, samaki anarudishwa majini. Kule maabara wanaangalia sehemu fulani za DNA na kuuliza: hapa kuna majina mangapi tofauti? Kijiji hiki na kile vinaoana, au vilitengana zamani? Kuna mgeni ameoa hapa? Pia kuna DNA inayorithiwa kwa mama peke yake. Hiyo inakuambia ukoo wa mama ulitoka wapi, hata kama kwa sura mtoto anafanana na baba.

Majina yanapotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kijiji kikiwa kidogo sana: familia moja ikikosa watoto, jina limeenda. Kiangazi kikali kinaweza kufanya hivyo kwa samaki waliojibana dimbwi moja. Vituo vya vifaranga pia vinaweza, kama vinazalisha maelfu kutoka kwa wazazi wachache.

Njia ya pili ni ile ya mjomba. Siku moja wanahamia kijijini watu elfu moja, na wote wanaitwa Kevin. Sina shida na akina Kevin, beshte yangu wa karibu ni Kevin. Lakini wakioa kila nyumba, baada ya vizazi vichache utatafuta Wayua umkose. Na njaa ikirudi, nani anakumbuka?

Si hadithi ya zamani tu

Ukidhani hayo ni mambo ya wakoloni, tuje karibu.

Ziwa Victoria lilikuwa na ngege, Oreochromis esculentus, samaki ambaye wazee wa Nyanza bado wanamsifu. Miaka ya 1950 wakaletwa mbuta na tilapia wa Nile. Ukijumlisha na uvuvi wa kupita kiasi, kufikia miaka ya 1980 ngege alikuwa karibu kwisha kwenye ziwa lenyewe. Alibaki kwenye vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, Siaya. Watu wakashukuru: angalau kuna mahali alijificha. Kisha mwaka wa 2011 ukachapishwa utafiti wa jeni kutoka Yala, na ukaonyesha dalili kwamba ngege na tilapia wa Nile wamezaana hata huko. Kwa macho ungeapa ni ngege halisi.

Kuna na Loboi, karibu na Ziwa Bogoria. Hapo kuna chemchemi tatu za maji ya moto zenye tilapia wa Nile wa asili, kabila lao wenyewe, ambalo Dorothy Wanja Nyingi wa Makumbusho ya Taifa na wenzake walilieleza mwaka wa 2009. Mwaka wa 2014 wakarudi na utafiti mwingine wakiwa na watafiti wenzao, wakapima sehemu 16 za DNA pamoja na ile ya upande wa mama. Wakapata mambo mawili. La kwanza zuri: chemchemi hizo ziko karibu sana, lakini samaki wa kila moja wako tofauti na wa nyingine, na majina yao, kwa lugha yetu ya leo, ni mengi. La pili baya: ndani yao tayari kuna ukoo wa mama wa leucostictus. Ndiyo, yule yule wa Naivasha. Watafiti wakasema inaelekea ufugaji wa samaki wa hivi karibuni pande hizo ndio uliomleta.

Si kwa nia mbaya. Ni kwa vidimbwi, kama cha mjomba.

Na vidimbwi viliongezeka. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mradi wa kufufua uchumi ambao ndani yake kulikuwa na ufugaji wa samaki: mabwawa 200 katika kila eneo bunge, maeneo bunge 140. Piga hesabu, ni mabwawa 28,000. Kila moja lilihitaji vifaranga kama 1,000. Hiyo ni samaki milioni 28 wanaotafutwa haraka haraka nchi nzima. Wakati kuna presha hiyo, nani anauliza kifaranga amezaliwa na nani?

Lakini si watu wanataka kula?

Najua mtaniambia hivyo, na mko sawa kuuliza. Vijana Ukambani hawana kazi. Samaki ni chakula, samaki ni doo. Kwani tuache kufuga kwa sababu ya majina ya DNA?

Hapana. Naomba tu muelewe mali yenyewe iko wapi. Mwaka wa 1988 mradi mmoja ulianza Ufilipino kutengeneza tilapia bora wa kufugwa. Walichukua tilapia wa Nile wa mwituni kutoka nchi nne za Afrika, yaani Misri, Ghana, Senegal na Kenya, wakawachanganya na waliokuwa wanafugwa Asia. Wa kwetu walitoka pande za Turkana. Kutoka hapo ikatoka mbegu inayoitwa GIFT, ambayo imesambaa Asia, China ikiwemo. Tunagombana kila siku kuhusu samaki wa China kujaa soko letu, na mbegu bora waliyonayo ina damu ya ziwa letu.

Kwa nini walikuja mwituni? Kwa sababu huko ndiko majina yaliko. Wa vidimbwini walikuwa wamechujika, wamebaki akina Kevin. Kila mfugaji duniani, akikwama na ugonjwa au joto, atarudi kwa wa mwituni kutafuta. Samaki wa Athi, mwenye kuvumilia chumvi na viangazi vyetu, ni ghala ambalo hatujafungua. Ukimchanganya leo kwa kutojua, huwezi kumchambua kesho. Ni kama kumwaga maziwa ndani ya chai halafu ukasema unataka maziwa yako.

Thwake

Sasa tumefika.

Tangu 2018 bwawa la Thwake linajengwa pale ambapo mto Thwake unaingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Limepangwa kubeba maji ya mita za ujazo milioni 688. Maji ya kunywa, ya kunyunyizia mashamba, ya umeme, ya Konza. Kwa watu ambao wamechimba mchanga maisha yao yote kutafuta maji, hiyo si kitu kidogo. Susu yangu amekuwa akiuliza kuhusu hilo bwawa kabla mimi sijajua kusoma.

Lakini ziwa jipya linavuta kila mtu mwenye vifaranga. Historia inasema hivyo: maji yakisimama, mtu anamwaga samaki. Kiongozi atakuja na kamera na ndoo, tutapiga makofi, na mimi pengine nitaitwa nipige video. Na hapa si kidimbwi cha mjomba. Hapa ni kwenye Athi yenyewe, na chochote kinachomwagwa kina njia ya kushuka mpaka Galana, mpaka Sabaki.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na ni rahisi.

Kwanza, kabla ya ndoo yoyote, samaki wa Athi wapimwe jeni, juu ya bwawa na chini ya bwawa, na kwenye vijito vya pande zote mbili. Vipande vya mapezi havina gharama ya kutisha ukilinganisha na bei ya bwawa. Tukipima baada ya kumwaga, tutakuwa tunapima maziwa ndani ya chai.

Pili, kama lazima samaki wawekwe, wawe wa mto huu huu. Wazazi wachukuliwe wengi, kutoka sehemu tofauti, wazalishwe kwa uangalifu. Sagana walimfuga tilapia wetu miaka 60 iliyopita wakiwa na vifaa duni. Leo tunashindwa na nini?

Tatu, anayetaka kufuga tilapia wa Nile afuge, lakini mbali na njia ya mafuriko. Kidimbwi kando ya kijito ni samaki wa mtoni anayengoja mvua.

Na wewe unayevua kwa ndoano wikendi, angalia mkia. Tilapia wa Nile ana mistari mingi iliyosimama kwenye pezi la mkia. Wa asili wa Athi hana mistari hiyo. Kumbuka tu kwamba chotara anaweza kukudanganya, ndio maana macho peke yake hayatoshi na maabara inahitajika.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Anataka kuchimba tena, kwa sababu kila mtu huko anaongea kuhusu bwawa na pesa za samaki. Akasema, "Wewe unakaa kwa mtandao siku nzima. Nitafutie mahali pa kununua wale wa Athi wenyewe, hao unaowasifu. Niweke hao."

Nimetafuta. Tilapia wa Nile nimepata wauzaji hadi wa kuniletea mlangoni. Wa Athi sijapata hata mmoja. Kama kuna mtu anasoma hii na anajua anayewazalisha, aniandikie, mjomba hajaanza kuchimba. Tumeshakubaliana kwamba safari hii shimo litakuwa juu, kule kwenye mwamba, mbali na kijito.